Mcheza Kwao: Picha ya Gazeti, Tuzo na Deni la Heshima

Utangulizi

Katika nyumba nyingi za mtaa wa Donholm, mashariki mwa jiji la Nairobi, ukuta wa sebule ndio hifadhi ya kumbukumbu za familia. Hapo huning'inizwa picha ya arusi, picha ya mahafali na, aghalabu, picha ya mtu akipokea kitu: cheti, kikombe, au saa ya ukutani baada ya miaka 25 ya utumishi. Makala haya yanahusu picha moja ya aina hiyo. Ni kipande cha gazeti la Kiswahili la miaka ya mwanzo ya 1970. Karatasi yake imegeuka rangi ya chai ya maziwa, na imetiwa ndani ya fremu ya mbao yenye kioo kilichopata ufa pembeni. Wanaonekana wanaume wawili. Mmoja amevaa suti na tai. Wa pili ana nywele za afro na shati la kola pana. Kati yao kuna kikombe, na mikono minne imekishika. Wote wawili hawatazamani, wala hawakitazami kikombe. Wanaitazama kamera.

Mwenye picha aliimba muziki wa soul katika hoteli na vilabu vya Nairobi katika ujana wake. Sasa ni mzee, na anaishi kwa mwanawe hapo Donholm. Jina lake sitalitaja, na sababu yake nitaieleza mwishoni, kwa kuwa ni sehemu ya hoja yenyewe.

Swali ninalokusudia kulichunguza si la historia ya muziki. Ni swali la maadili: heshima inayotolewa hadharani ni mali ya nani, na inamwachia mtoaji wajibu gani pindi kamera inapofungwa? Dai langu ni kwamba tuzo ya kweli ni mwanzo wa deni, wala si malipo yake; na kwamba picha ya gazeti, kwa namna inavyoundwa na kuelezwa, hutufundisha kuamini kinyume cha hayo. Nitaitetea hoja hii kwa kulinganisha matini mbili fupi mno: sentensi iliyoandikwa chini ya picha hiyo, na methali isemayo kwamba mcheza kwao hutunzwa.

Sarufi ya maelezo ya picha

Wahakiki wa fasihi tumezoea kuzipita sentensi zinazoandikwa chini ya picha za magazeti kana kwamba hazina mwandishi. Hata hivyo sentensi hizo zina fani yake, tena fani iliyokomaa. Chini ya picha ya Donholm imeandikwa kwamba meneja wa mauzo wa kampuni fulani, ambaye jina lake limeandikwa kwa ukamilifu pamoja na cheo chake, anaonekana “akimkabidhi” kikombe kiongozi wa bendi iliyoshinda katika mashindano ya muziki wa soul.

Tuitazame sentensi hiyo kwa jicho la mwanasarufi. Kiima chake ni meneja. Kitenzi ni chake. Kikombe ni chake hadi dakika hiyo. Mwanamuziki, ambaye bila yeye pasingekuwa na mashindano, wala kikombe, wala picha, anaingia katika kitenzi kama silabi moja tu, kiambishi cha yambwa -m-. Baadaye anafafanuliwa kwa wadhifa, “kiongozi wa bendi”, lakini jina hapewi. Msomaji wa gazeti siku ile alimjua mtoaji kwa jina, cheo na kampuni. Mpokeaji alimjua kwa sura tu, tena sura iliyochapwa kwa wino hafifu.

Yumkini mtu atasema kwamba hilo ni jambo la haraka ya chumba cha habari: mwandishi aliyepewa karatasi ya kampuni yenye majina ya wakubwa aliyanakili yaliyokuwamo. Sikatai. Lakini mazoea hayo ndiyo yanayotupasa kuyachunguza. Nani aliyeandaa karatasi hiyo, na kwa nini jina moja lilistahili kuandikwa mapema ilhali la pili halikuulizwa? Fani ya haraka hufichua yale ambayo jamii haihitaji kuyafikiri.

Kuna jambo jingine katika kitenzi hicho. Kiambishi -ki- katika “akimkabidhi” ni kiambishi cha tendo linaloendelea. Maelezo ya picha za magazeti ya Kiswahili yanakipenda mno: akimkabidhi, akimvisha, akimpongeza, akisalimiana. Tendo limesimamishwa katikati. Halijaanza wala halikwishi. Kwa miaka hamsini na ushei meneja yule amekuwa akimkabidhi kikombe kijana yule. Roland Barthes, katika kitabu chake kuhusu picha kilichotoka Ufaransa mwaka 1980, alisisitiza kwamba picha hushuhudia kwamba jambo lilikuwapo. Kwa -ki- yetu tunaweza kuongeza kwamba picha ya tuzo hushuhudia jambo hilo kwa namna inayolizuia lisiendelee mbele. Haituambii kilichofuata.

Na kilichofuata ninakijua, kwa sababu nilimwuliza mwenyewe. “Baada ya picha, Mzee, ikawaje?” Akacheka. “Mwalimu, baada ya picha nilikwenda kwa miguu.” Hafla ilimalizika usiku; mabasi yalikuwa yamekwisha; waliomwalika hawakufikiri angerudije. Wakati huo alikuwa akiishi Jericho. Akashika njia kutoka katikati ya jiji, akaifuata Barabara ya Jogoo, ambayo wazee wenzake waliendelea kuiita Doonholm kwa jina la lile shamba la mlowezi lililoupa mtaa wetu jina. Alitembea zaidi ya saa moja, kikombe kifuani, amevaa viatu alivyoazimwa na mpiga ngoma. “Nilikificha ndani ya koti,” alisema, “wasije wakadhani nimekiiba.”

Ninaomba msomaji aishike taswira hiyo ya pili kandokando ya ile ya kwanza: mtu yuleyule na kikombe kilekile, usiku uleule. Katika picha kikombe kinathibitisha hadhi yake. Barabarani kinamtia hatarini. Heshima aliyopewa haikuwa na uwezo wa kutoka nje ya ukumbi pamoja naye.

Sarufi ya methali

Tuigeukie sasa matini ya pili. Mcheza kwao hutunzwa. Wengine husema hutuzwa. Kisarufi, methali hii ni kinyume cha maelezo ya picha yetu. Kiima chake ni mcheza, mtu wa ngoma. Kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa, na mtendaji hakutajwa kamwe. Haituambii hutunzwa na nani. Mtoaji ametoweka katika sentensi, akabaki mchezaji na mahali pake. Kama gazeti lilimfuta mpokeaji, methali imemfuta mtoaji. Na nadhani si kwa bahati tu. Katika mila ya kutuza, iwe kwenye ngoma au kwenye taarabu, anayetoa fedha hafanywi kuwa kitovu cha hafla. Huinuka kwenye kiti chake, humwendea mwimbaji, humtunza, kisha hurudi kuketi. Anaweza kujionyesha, naam, na tumewaona watu wakitoa noti moja moja ili waonekane muda mrefu. Lakini hata ajionyeshe vipi, ni yeye aliyesimama na kwenda. Mwimbaji hasogei, anaendelea kuimba.

Katika hafla ya tuzo ya kisasa mwendo umegeuzwa. Jina linaitwa, na mwanamuziki ndiye anayeinuka, anayepanda jukwaa, anayeinama kidogo, anayepokea na kushukuru. Muziki umenyamazishwa ili hotuba isikike. Badiliko hili la mwendo, la nani anamwendea nani, ni badiliko la kimaadili. Kule kwenye ngoma, atoaye hukiri kwamba ameguswa na kwamba tayari amekwisha kupokea kitu. Fedha yake ni jibu. Huku ukumbini, apokeaye ndiye anayefanywa mdaiwa. Ameheshimiwa, hivyo anapaswa kushukuru. Na mtu anayeshukuru hadai.

Kuna tofauti ya tatu, na hii ndiyo muhimu zaidi. Kiambishi hu- ni cha mazoea. Methali haisemi kwamba mcheza kwao alitunzwa siku fulani, wala kwamba anatunzwa sasa hivi mbele ya kamera. Inasema hutunzwa: ni desturi, ni jambo la kurudiarudia. Aidha, neno lenyewe linabeba maana mbili. Kutunza ni kumpa mtu zawadi kwa sababu ya uchezaji wake. Kutunza pia ni kuhifadhi, kulea, kuangalia kitu kisiharibike. Watunga kamusi huweza kuzitenganisha maana hizi mbili na kuziorodhesha kando kando, nao wana haki yao. Sikio la mzungumzaji haliwezi kuzitenganisha kabisa.

Hapana budi kukiri kwamba mfanano wa maneno si hoja. Lugha ina sadfa nyingi, na mwanafalsafa anayejenga maadili juu ya sadfa za lugha anajenga juu ya mchanga. Kwa hiyo nauliza: je, pana sababu ya kimaadili, nje ya kamusi, ya kudai kwamba anayetuza anajifunga kutunza? Naona ipo. Anayemtuza mtu hadharani anatamka mbele ya mashahidi kwamba mtu huyu na kazi yake vina thamani kwetu. Tamko hilo ama ni kweli ama si kweli. Ikiwa ni kweli, basi kuiacha kazi hiyo ipotee na mtu huyo adhalilike ni kutenda kinyume cha kile tulichokwisha kukiri. Ikiwa si kweli, tuzo ilikuwa uongo tangu awali. Asiyewahi kumtuza mtu anaweza kudai kwamba hakuijua thamani yake. Aliyemtuza hana udhuru huo.

Kwao ni wapi?

Methali ina neno la katikati ambalo mpaka hapa nimelikwepa: kwao. Mwimbaji wa soul wa Nairobi, kwao ni wapi? Aliimba kwa Kiingereza nyimbo zilizozaliwa miongoni mwa watu weusi wa Marekani, nyimbo za kina Otis Redding na James Brown. Mombasa ilimtoa Slim Ali, aliyeimba soul kwa Kiingereza pamoja na bendi ya Hodi Boys, na hadhira yao ilikuwa ya vijana wa miji ya Afrika Mashariki. Je, hao walikuwa wanacheza kwao, au walikuwa wakicheza ugenini hata wakiwa nyumbani?

Swali hili halikuwa la vitabuni tu. Mwaka 1969, mwaka uleule wa Operesheni Vijana iliyopiga vita sketi fupi na mavazi mengine yaliyohesabiwa kuwa ya kigeni, Mkuu wa Mkoa wa Pwani wa Tanzania, Mustafa Songambele, alipiga marufuku muziki wa soul jijini Dar es Salaam. Lililokuwa likisemwa ni kwamba muziki huo unapotosha vijana na kuharibu utamaduni wa taifa. Wapo waliopinga magazetini, na hoja yao iliyo nzito zaidi ilikuwa hii: soul ni muziki wa watu weusi waliotolewa kwa nguvu Afrika, itakuwaje ugeni kwetu?

Sikusudii kuamua ugomvi huo wa zamani, ila nataka kuonyesha kilichofichika ndani yake. Dola inayoweza kupiga marufuku wimbo kwa kuwa si wa kwetu ndiyo dola inayoweza kuuvisha nishani kwa kuwa ni wa kwetu. Marufuku na nishani ni ndugu wa tumbo moja: zote mbili huchukua mamlaka ya kuamua kwao ni wapi. Ilhali kwenye ngoma mamlaka hayo yamo mikononi mwa wasikilizaji. Yule anayeinuka na kumtunza mwimbaji anasema kwa tendo lake, bila hotuba, kwamba hapa ni kwenu. Kwao, kwa maana hiyo, hapatangulii uchezaji. Hufanywa na wanaotunza.

Nikilitumia wazo hili kwa mzee wa Donholm, ninaona kwamba alikuwa na kwao, na hakukuwa hotelini. Alinieleza jinsi Jumapili mchana vijana wa Jericho na Makadara walivyomzingira nje ya nyumba akiwa na gitaa bila kipaza sauti. Hawakuwa na fedha. Walimletea soda, sigara moja, mara nyingine sahani ya githeri. Hakuna picha ya hayo. Lakini ndiyo aliyoyasimulia kwa urefu kuliko yote, na kikombe alikitaja kwa sababu tu nilikiuliza.

Tuzo bila matunzo

Mfano unaojulikana zaidi katika muziki wetu ni wimbo “Malaika”. Fadhili William, Mtaita aliyerekodi Nairobi, ndiye aliyeusambaza kwa santuri. Miriam Makeba akauimba mbele ya ulimwengu. Boney M wakaurekodi mwaka 1981. Mtunzi wake ni nani hasa? Mabishano hayakukoma: jina la Adam Salim wa Tanzania limetajwa, na la Grant Charo pia. Kwa makala haya si lazima tuamue. Tunachokiona ni kwamba wimbo ulipata kila heshima ambayo wimbo unaweza kuipata, ukawa kama wimbo wa pili wa taifa kwa kila mgeni aliyeteremka Nairobi au Mombasa, ilhali haki za mtunzi ziliendelea kuwa jambo la manung'uniko. Fadhili William aliishi miaka mingi Marekani na akafia Nairobi mwaka 2001. Kiswahili kinatukumbusha, kwa sadfa nyingine, kwamba mtunzi hutokana na kutunga, na mtunzaji hutokana na kutunza. “Malaika” umekuwa na watunzi wengi wanaodaiwa, na watunzaji wachache.

Hapa ni muhimu kutofautisha mambo matatu ambayo hotuba za hafla huyachanganya. Kwanza kuna haki: fedha ambayo mwanamuziki anastahili kisheria kila kazi yake inapotumiwa. Kenya ilikuwa na sheria ya hakimiliki tangu mwaka 1966, ikaiandika upya mwaka 2001. Na Chama cha Hakimiliki za Muziki kiliundwa mwaka 1983, katika kipindi ambacho kanda za kunakiliwa kiharamu zilikuwa zikiimaliza biashara ya santuri. Pili kuna tuzo, ambayo hakuna mwenye haki ya kuidai, kwa kuwa ni jibu la furaha ya wasikilizaji. Tatu kuna matunzo, ambayo ni kazi ya muda mrefu: kuhifadhi sauti, majina, tarehe, na pia kumwangalia mtu mwenyewe uzeeni. Dhuluma ya kwanza ni kutoa tuzo mahali pa haki, yaani kumpa mtu kikombe ili asiulize hesabu. Dhuluma ya pili ni kutoa tuzo mahali pa matunzo, yaani kumvisha mtu nishani ili tusiulizwe tena habari zake.

Bi Kidude wa Unguja ni mfano wa namna nyingine, kwa sababu yeye alituzwa akiwa hai na macho yakiona. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, iliyotolewa Uingereza. Mwaka 2012 alitunukiwa nishani ya sanaa na michezo na Rais Jakaya Kikwete. Hadhi yake haikuwa na shaka. Hata hivyo katika miaka yake ya mwisho, kabla ya kufariki Aprili 2013, mjadala wa hadharani ulizuka kuhusu afya yake na kuhusu nani alikuwa akimtunza. Sitaki kumhukumu yeyote katika jambo hilo. Ninachosema ni kwamba swali lililoulizwa na watu wa mitaani, ni nani anayemtunza, lilikuwa swali la methali, na hakuna nishani iliyoweza kulijibu.

Pingamizi mbili

Pingamizi ya kwanza ni ya kale. Aristotle, katika kitabu cha kwanza cha Maadili ya Nikomako, alikataa kuifanya heshima kuwa lengo kuu la maisha kwa sababu, alisema, heshima inaelekea kuwategemea zaidi wanaoitoa kuliko anayeipokea. Ilhali jema la kweli linapaswa kuwa la mwenyewe, gumu kunyang'anywa. Ikiwa ni hivyo, mwanamuziki mwenye busara hatajali kama kuna kikombe au hakuna. Muziki wake ndio jema lake.

Hoja hii ina nguvu, lakini inamfaa zaidi mtu ambaye tayari anajulikana. Charles Taylor, katika insha yake ya mwaka 1992 kuhusu siasa za utambuzi, alieleza kwamba kunyimwa utambuzi si kukosa adabu tu. Kunaweza kuwa jeraha, kwa sababu tunajijua kwa kiasi fulani kupitia macho ya wenzetu. Kijana wa Jericho wa miaka ya 1970, mwana wa mtu aliyekuja mjini akiwa na kipande shingoni enzi za ukoloni, hakuwa na fursa ya kudharau heshima kama mwungwana wa Athene. Alihitaji kuonekana. Kwa hiyo siwezi kukubaliana na mhakiki atakayeitazama picha ile na kuona udanganyifu mtupu.

Pingamizi ya pili ilitoka kwa mwenye picha mwenyewe, na nakiri kwamba ilinikata kauli. Nilikuwa nimemweleza, kwa shauku ya mwalimu, habari za meneja, za -m- na za jina lililoachwa. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema: “Usinionee huruma, mwalimu. Kile kikombe sikupewa. Nilikishinda.”

Neno hilo linabadilisha sarufi yote. Kushinda kuna kiima kimoja tu, naye ndiye aliyeimba. Katika sentensi yake meneja hayumo. Amefutwa kama vile methali inavyomfuta mtoaji. Mzee hakuning'iniza picha ya kupokea. Alining'iniza picha ya kushinda, na maandishi ya chini yalikuwa makosa ya gazeti tu. Maana ya picha, basi, haikufungwa na maelezo yake, na mpokeaji si lazima abaki kuwa yambwa.

Ulimwengu umewahi kuona jambo hilo likitendeka waziwazi. Tarehe 25 Machi 1985 mwimbaji wa soul Stevie Wonder alipewa tuzo ya Oscar kwa wimbo wake uliokuwa katika filamu. Aliipokea kwa jina la Nelson Mandela, aliyekuwa gerezani tangu mwaka 1962. Shirika la utangazaji la Afrika Kusini likazipiga marufuku nyimbo zake. Mtu asiyejua maneno aliyoyasema, akiitazama picha ya usiku ule, atamwona mtu na sanamu ya dhahabu, basi. Lakini kwa sentensi moja mpokeaji alikuwa amegeuka mtoaji, na serikali iliyokuwa mbali maelfu ya kilomita ilielewa vizuri sana kilichotolewa.

Je, mifano hii miwili inabatilisha dai langu? Naona inaliwekea mpaka. Mpokeaji ana uwezo wa kuikomboa heshima yake, kwa kuielekeza kwa mwingine au kwa kukataa kuiita zawadi. Lakini ukombozi huo ni sifa yake yeye. Haumpunguzii mtoaji deni hata chembe. Mzee wa Donholm ameishinda ile picha. Sisi tulioitazama hatujalipa kitu.

Hitimisho

Fasihi yetu inatuonya na pia inatuongoza katika jambo hili. Inatuonya katika Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, ambamo mtoto wa shujaa anaahidiwa heshima kubwa ili amwue baba yake, na akishaua, ahadi haitimizwi. Heshima inaweza kuwa chambo. Inatuongoza katika Wasifu wa Siti binti Saad, ambamo Shaaban Robert alimpa mwimbaji mkubwa wa Unguja kitu ambacho nishani haikiwezi: alimpa kiima. Tunaambiwa alikozaliwa, vyungu alivyouza, njia aliyoipita hadi sauti yake ikafika Bombay na kutiwa katika santuri mwaka 1928. Hiyo ni tuzo ambayo tayari ina matunzo ndani yake, kwa sababu imeandamana na mtu hata nje ya ukumbi, barabarani.

Kutokana na hayo napendekeza kwa wenzangu na kwa wanafunzi wa uzamili jambo la kawaida kabisa. Katika hifadhi za magazeti, na katika sebule za Eastlands, kumejaa picha za wanamuziki wasio na majina. Wengi wa walioonyeshwa bado wangali hai, au wana watoto wanaokumbuka. Kuuliza majina, kuyaandika nyuma ya picha, kuzitafuta santuri zinazohusika na kuzisikiliza kabla hazijapotea, ni kazi ya uhakiki kama ilivyo kazi ya kuchambua diwani. Tena ni kazi ya hu-, ya mazoea, isiyopigiwa picha.

Nimebakiwa na deni moja. Nilipomwomba mzee ruhusa ya kumtaja, nikimweleza kwamba hiyo ingekuwa fidia ya kosa la gazeti, alikataa. Alisema hataki kuwa mfano katika hoja ya mtu mwingine, hata ikiwa hoja hiyo ni nzuri. Hivyo katika makala haya pia amebaki bila jina, nami nimekuwa katika hatari ya kumfanya -m- kwa mara ya pili. Nilimwuliza nifanyeje. “Jina langu limo kwenye santuri,” akajibu. “Anayelitaka aisikilize.” Kisha akainuka na kunisindikiza hadi kituo cha matatu karibu na mzunguko wa Outer Ring, akangoja mpaka gari likaja, na akahakikisha nimepata kiti kabla ya kurudi nyumbani.